Kompyuta Aliyoichagua Baba

Kompyuta ya zamani ilikuwa na feni, ingawa kuiita feni ni kuisitiri. Ilianza kwa mguno mdogo, ikapanda, ikapanda tena, hadi mtu aliyepita dirishani akadhani humo ndani wanakoboa mahindi. Mwenye kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye kazi yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa kusoma kwa sauti mbele ya maiki. Angekuwa fundi cherehani, mwashi au hata mkunga, feni ile isingemdhuru. Kwa msomaji ilikuwa inamtoa roho.

Aliisomea kampuni moja iliyouza masomo ya video kwa shule. Kampuni ilimtumia maneno, yeye akayarekodi, kisha akayapanga na michoro na picha zinazotembea mpaka somo likawa somo: jinsi jani linavyotengeneza chakula, jinsi ya kujumlisha sehemu, jinsi mvua inavyopatikana. Kurekodi kulitaka kimya. Kuunganisha picha kulitaka mashine yenye nguvu. Kompyuta ile haikuwa na hiki wala kile. Kila baada ya dakika ishirini ilipata moto hadi huwezi kuweka kiganja chini yake, feni ikafyatuka, kazi ikasimama. Hapo aliiinua, akaiegemeza juu ya visahani viwili ipate hewa, akavua hedifoni, akaenda chumba cha pili kumwangalia baba yake.

Chumba hicho kilitengwa na chake kwa ukuta wa mbao nyembamba. Alikuwa ameutundikia mablanketi mawili, lakini mablanketi hayakufua dafu. Kila kitu kilipita: kikohozi, mlio wa kitanda, hata mzee akijikuna. Na mzee alikuwa na mengi ya kupitisha. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka, na vumbi la unga lilimwachia kikohozi cha kudumu. Sasa moyo nao ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na bila kushikwa mkono hakufika hata mlangoni. Daktari alimpa binti maneno machache ya kushika: kifua kikimbana au pumzi ikimkatika, kidonge chini ya ulimi na hospitali hapo hapo, bila kusubiri. Hospitali haikuwa mbali. Vidonge vilikaa mezani kwa binti, kwa sababu mzee aliwahi kuweka viwili kwa mpigo akiamini kwamba kama kimoja kinafaa, viwili vitafaa zaidi. Alichotakiwa kufanya ni kuita tu.

Ikazuka sheria ya nyumba ambayo hakuna aliyekaa kitako kuitunga. Feni ikiwa kimya, baba naye kimya. Feni ikinguruma, mzee yuko huru: akohoe atakavyo, aombe maji, apelekwe msalani, apige soga. Alikuwa akibana kikohozi kama mwanafunzi anayengoja kengele, na feni ikifyatuka tu unamsikia anakifungulia chote kwa pamoja.

"Mashine yako imechoka kabla yangu leo," angesema mzee, binti akiingia.

"Wewe kohoa tu, baba. Tuna dakika kumi."

"Dakika kumi? Nina vikohozi vya robo saa."

Miaka miwili iliendeshwa hivyo. Mzee aliishi kwa vipande vya dakika ishirini, na binti vilevile.

Kisha mkaguzi wa sauti wa kampuni, mtu ambaye hakuwahi kumwona uso ila alimjua kwa maandishi yake makavu, akaandika kwamba hii ni mara ya tatu anasikia mngurumo chini ya sauti yake, na kwamba ikitokea ya nne masomo yatapewa msomaji mwingine. Hakutukana, hakufoka. Aliandika tu, kama mtu anayesoma mita ya maji.

Binti alikaa na ujumbe ule mkononi. Kazi ile ndiyo pekee iliyomruhusu kukaa nyumbani. Akiipoteza, itabidi atoke asubuhi arudi jioni, na mzee abaki peke yake na moyo ule. Kaka yake aliyekuwa mji mwingine alikwisha kusema bila kuuma maneno kwamba kwake hakuna nafasi ya mgonjwa. Kwa hiyo habari haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ni nani atakuwepo siku mzee atakapoita.

Akatafuta pesa anakojua yeye, akapata. Siku ya kwenda dukani mzee akasema naye anakwenda.

"Baba, ni kompyuta. Si kinu."

"Ina kitu kinachozunguka ndani?"

"Ina feni."

"Basi ni mashine. Nipe viatu."

Walikwenda kwa teksi, mzee amevaa shati lake la mikono mirefu lililopigwa pasi, miguu iliyovimba imeingizwa kwenye viatu kwa ubishi mtupu. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliamkia, akaleta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tunatafuta mashine ya binti yangu. Iwe na nguvu, isipate moto, isipige kelele."

"Mzee wangu, umetaja vitu vitatu. Watu wengi wanapata viwili."

"Sikuvaa viatu hivi nije kupata viwili."

Muuzaji akacheka, akaleta ya kwanza, kubwa, yenye taa nyekundu chini ya herufi, akaanza kuisifia kwa majina na namba. Mzee akainua mkono. Mashine, alisema, haijaribiwi ikiwa imelala. Ipewe mzigo. Binti akachomeka kifaa chenye somo moja la kazi yake, akaiamuru iunganishe picha. Haikupita dakika tano kompyuta ile ikalia hadi wateja wengine wakageuka.

"Inakimbia huku inalia," mzee akasema. "Rudisha."

Ya pili ilikuwa nyembamba mno, haina feni kabisa. Kimya chake kilimfurahisha binti, akaanza kuipenda. Mzee akaomba wangoje. Baada ya dakika kumi picha zikaanza kujikokota, na kazi ambayo ile ya kwanza ingekuwa imeimaliza hii haijafika hata nusu.

"Inajipunguzia kasi isipate moto," muuzaji akaeleza. "Imetengenezwa hivyo."

"Haipigi kelele kwa sababu haifanyi kazi," mzee akasema. "Nimewahi kuajiri watu wa namna hii."

Sasa hata muuzaji alikuwa amekolea. Akaenda nyuma akarudi na ya tatu: nzito kidogo, bodi ya chuma ya kijivu, matundu mapana ya hewa ubavuni. Wakaipa mzigo ule ule, wakangoja. Mzee alitandaza kiganja chini yake kama anayempima mtoto homa. Kisha akainama taratibu, mkono mmoja ukishika meza, akalaza sikio juu ya chuma, akafumba macho. Duka zima lilikuwa linamtazama. Binti aliona haya kidogo, na fahari kubwa zaidi ya haya.

"Mzee, unasikia kitu?" muuzaji akauliza.

"Nasikia kwamba hakuna kitu." Akainuka, uso umechangamka kama wa mtu mwenye nusu ya umri wake. "Feni zipo, zinazunguka pole pole. Pana na pole pole, ndivyo inavyotakiwa. Aliyeitengeneza hii ni fundi. Chukua hii, mama."

Alimwita mama tangu akiwa mtoto mchanga. Basi akaichukua.

Asubuhi iliyofuata alikaa mbele yake, akavaa hedifoni, akasoma somo zima kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Aliposhika chini ya kompyuta ilikuwa baridi. Akaingia somo la pili. Maneno yalimtoka vizuri, sauti haikukatika, na alipomaliza saa moja na nusu ilikuwa imepita bila yeye kujua.

Alifungua mlango wa baba yake. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imebanwa, macho yamemtoka.

"Umemaliza?" akanong'ona.

"Mawili, baba. Mfululizo."

Ndipo mzee akaachia. Alikohoa vya saa moja na nusu, akapinda, akashika goti, machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akaanza kucheka. Binti akacheka pia, akimpiga piga mgongoni.

"Hii mashine haina mapumziko?" mzee akauliza.

"Haina. Si wewe uliyeichagua?"

"Mimi, ndiyo. Mimi mwenyewe."

"Ukitaka kitu, baba, wewe niite tu. Nitarudia kusoma, si kazi."

"Nitakuita."

Alimwambia. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake, alimwambia, na si mara moja. Lakini alimwambia kama unavyomwambia mpita njia karibu, huku mkono uko kwenye kitasa. Na yule aliyekuwa anaambiwa alikuwa mtu ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kumsemesha mtu mwenye mikono ndani ya mashine, na kwa miaka miwili alikuwa amefundishwa na nyumba yake mwenyewe kwamba sauti yake, ikitoka wakati usio wake, inaharibu mkate wa mwanawe. Zamani feni ilimwambia lini aseme. Sasa hakuna aliyemwambia. Wangeweza kuweka kengele ya simu kila nusu saa, ikaisha hapo. Hakuna aliyefikiria. Walikuwa wamenunua kimya kwa shida, na hakuna anayenunua kitu kwa shida kisha akakitoboa tundu.

Siku za mwanzo mazoea yalimsimamisha. Alinyanyuka mwenyewe, akachungulia. Kisha kazi ikanoga. Mkaguzi aliandika neno moja, "Safi," na kwa mtu yule neno moja lilikuwa sherehe. Kampuni ikamwongezea masomo. Binti akaanza kukaa saa mbili, kisha saa mbili na nusu, na alipotoka alikuta chumba cha pili kiko kimya, akashukuru moyoni kwamba mzee siku hizi anapumzika vizuri.

Wiki ya tatu alimkuta amelowesha kitanda. Mzee aligeuzia uso ukutani.

"Nimezeeka, mama. Nisamehe."

"Si neno, baba. Ni mambo ya kawaida."

Alimbadilisha nguo, akafua mashuka, akaweka karibu na kitanda kopo lenye mfuniko, akajiona amemaliza tatizo. Hakuuliza alikuwa ameanza kubanwa saa ngapi. Angeuliza, huenda mzee angedanganya. Lakini hakuuliza.

Jumanne moja alikuwa na masomo manne ya kurekodi. Alimpa mzee chai na mkate, akamfunika miguu.

"Leo ni manne, baba."

"Yaendeshe."

Alifunga mlango wa baba, akafunga wake, akavaa hedifoni. Somo la kwanza lilihusu pembetatu. La pili, mmomonyoko wa udongo. La tatu na la nne yalikuwa ya afya ya meno. Hakuwahi kusoma vile. Kuna siku ulimi unakuwa mwepesi na kila sentensi inakaa mahali pake, na siku hiyo ilikuwa mojawapo, kwa hiyo aliamua asiikatishe. Kati ya somo na somo alikunywa maji kidogo akaendelea. Alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo kitu ambacho hadi leo hajui akipeleke wapi.

Alipovua hedifoni ilikuwa karibu saa saba mchana. Alifungua mlango akiwa tayari kusema, "Yote manne, baba."

Mzee alikuwa amelalia ubavu, uso umeelekea ukuta wa mbao, ukuta wa upande wa binti. Mkono ulikuwa baridi. Kona ya blanketi ilikuwa mdomoni. Aliitoa polepole, akaikunjua, akaifuta, ndipo akatoka kuita majirani. Habari ya blanketi hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba wazee hulala hivyo.

Daktari aliyekuja alikuwa mtu mwenye huruma. Alimshika bega akasema mzee amekwenda usingizini, hakusumbuka. Majirani wakalishika neno lile wakalizungusha: usingizini, kwa amani, nani asiyetaka kwenda hivyo. Kaka yake alifika kesho yake, akalia kuliko wote, kama inavyokuwa kwa wasiokuwepo, kisha naye akamwambia, "Angalau ulikuwa naye. Angalau hakuteseka." Binti alilishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Halikumtosha, lakini lilimwezesha kumeza chakula.

Baada ya mazishi kaka alibaki siku chache kumaliza mambo ya nyumba. Kampuni ilimpa binti wiki moja, na wiki ilipoisha ikamkumbusha kwa upole kwamba shule zinangoja. Masomo manne yalikuwa tayari yamerekodiwa. Alichobakiza ni kupanga picha, kazi ya mikono na macho. Aliifanya bila kusikiliza sana, kwa sababu hakuwa na masikio wakati ule, akayatuma.

Majibu yalikuja siku ya pili, asubuhi. Mkaguzi alianza kwa pole, na ilionekana hakuzoea kuandika pole. Kisha akasema sauti hizi ndizo safi kuliko zote alizowahi kumtumia. Kulikuwa na rekebisho moja tu. Somo la pili, dakika ya kumi na tisa, kuna mtu anasikika kwa nyuma. Tafadhali aondolewe.

Akafungua faili. Kwenye skrini sauti yake ilikuwa imechorwa kama milima, na kati ya sentensi na sentensi palikuwa tambarare. Dakika ya kumi na tisa, mahali alipopumua baada ya kusema "tabaka la juu la udongo", tambarare ilikuwa na kichuguu. Akakikuza. Akapandisha sauti. Akavaa hedifoni vizuri.

"Ma," ilisema.

Nusu ya neno. Ilitoka kwa nguvu, kama mtu aliyeshtuka, kisha ikakatwa. Haikufifia. Yeye alikuwa amekata sauti za watu maisha yake yote ya kazi, alijua tofauti ya sauti iliyoishiwa na sauti iliyozuiwa na mwenyewe. Hii ilizuiwa. Baada yake kitanda kililia kidogo. Kisha yeye mwenyewe akaingia, msomaji, sauti nzuri ya asubuhi, akaeleza kwamba udongo huo husombwa na maji mahali pasipo na miti.

Alipeleka mbele. Dakika ya ishirini na mbili, pumzi, nzito, imefunikwa na kitambaa. Dakika ya ishirini na sita, tena, fupi. Dakika ya thelathini na moja, kitanda. Baada ya hapo tambarare, hadi mwisho wa somo la pili, na la tatu lote, na la nne lote. Vidonge vilikuwa mezani, mahali anapopumzishia kiwiko. Hospitali haikuwa mbali. Aliwaza hayo mawili moja baada ya jingine, akayarudia, na hakuna la tatu lililokuja.

Kaka yake aliingia na taulo begani.

"Wanasemaje wakubwa wako?"

"Wanasema kuna kelele kidogo."

"Si ulinunua mpya? Feni tena?"

"Si feni."

"Basi itoe, umalizane nao."

"Haitoki. Nitasoma upya ile sehemu." Akasogeza maiki karibu. "Nakuomba ukae kimya kidogo, kaka. Dakika chache tu."

"Sawa," kaka akasema. Akaenda chumba cha pili alikokuwa analala, akafunga mlango, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, hakutikisika tena.

Binti akawasha maiki. Akasoma sentensi moja, ikatoka safi. Akasoma ya pili. Upande wa pili hapakuwa na sauti yoyote, hata ya kitanda, na kompyuta mbele yake ilikuwa baridi na imenyamaza kabisa. Katikati ya sentensi ya tatu aliinuka, hedifoni ikadondoka, akaenda akausukuma mlango wa kaka yake kwa nguvu hadi ukagonga ukuta.

Kaka alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi. "Vipi?" akauliza. "Umesahau nini?"

Alisimama mlangoni akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

"Baba hakufa usingizini," akasema. "Aliniita. Alianza kuniita, akaona ataniharibia kazi, akanyamaza. Imo kwenye mashine. Dakika kumi na mbili nzima zimo."

Kaka aliweka simu chini. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kwa sababu ndilo swali lililokuwepo.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma," akasema.